Dative na Namba Iliyoshuka

Kabla hajaitwa mwizi, Dative alikuwa na jina zuri mtaani Mbugangari, mpakani na Goma. Mtu akishuka kwenye pikipiki na kompyuta iliyokufa mapajani, hakuhitaji kuuliza mara mbili. Hata wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walimwonyesha kwa kidevu: pale, kwa mama wa mashine, kwenye nusu ya mlango. Na kweli ilikuwa nusu ya mlango. Nusu ya pili ilikuwa ya mshonaji, na wateja wa huku na wa kule walikanyagana miguu. Dative hakulalamika. Aliyelala miaka katika chumba cha nyuma cha mjomba anajua utamu wa kizingiti chake mwenyewe, hata kikiwa nusu.

Chumba hicho cha nyuma ni lazima kisemwe, maana bila hicho habari hii haieleweki. Baba yake Dative alikuwa Mwislamu wa Birere, kule Goma, muuza vitenge. Mama yake, Libérata, alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo, mtu wa kanisa. Baba alipokufa, Libérata alivuka barrière, kizuizi cha mpakani, na binti yake na godoro, akapokewa na kaka yake Kayitare, ambaye tayari alikuwa mtumishi wa serikali mwenye bati jipya na lango la chuma. Kayitare akawapa chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo haikupita harusi wala msiba katika ukoo ule bila mtu kukumbusha kwamba ni Kayitare aliyewapa chumba. Fadhila ya ndugu ni kama kitenge cha kuazima: utakivaa, ndiyo, lakini mwenyewe atakutazama kila unapotaka kuketi.

Kazi yenyewe Dative alijifunzia upande wa pili, dukani kwa Faradji, mtoto wa baba yake mdogo, aliyekuwa akiuza vipuri vya kompyuta Birere. Alivuka asubuhi pamoja na wanawake wa vitunguu na karoti, akarudi nao jioni. Wao walirudi na beseni tupu, yeye alirudi na kitu kipya kichwani. Alipohamia Mbugangari na mama yake, kwenye nyumba ya kupanga, Kayitare alisema tu, "Bon, ndege amepata mabawa." Hakuna aliyejua kama alifurahi.

Kayitare mwenyewe alikuwa amezeekea kwenye mizani. Miaka yake yote serikalini aliifanya penye maghala ya mpakani, akipima magunia yanayoingia na yanayotoka. Alipostaafu akafungua studio ya filamu za harusi, kwa sababu siku hizi mtu haposi bila kamera. Ile siku ya gusaba, wakwe wanapokaa pande mbili na wazee wakichezeana maneno kuhusu ng'ombe, yote lazima yakatwe na kuunganishwa vizuri, watu wa Brussels na Kigali wayaone. Aliyekaa kwenye mashine ya studio ni Hirwa, mume wa binti yake, kijana mtanashati, mpole wa sauti, aliyekuwa akiishi kwa baba mkwe na mkewe katika chumba kilekile cha nyuma.

Mashine ilikuwa kubwa, nayo ikaanza kuugua. Kayitare aliileta mwenyewe kwa Dative, kwenye kiti cha nyuma cha voiture, gari lake, imefungwa mkanda kama mgonjwa. Nyumbani kwao walizungumza Kinyarwanda, lakini kwa mambo ya kazi na ya hasira waliingia Kiswahili cha Goma, chenye njo mahali pa ndiyo, bila kujijua.

"Dative, huu mashini unanifia mukono," alisema. "Filme inafika katikati, inaganda, kioo inakuwa bleu. Hirwa anasema ni virusi."

"Virusi haigandishake vile, marume. Niachie," Dative alijibu. Marume ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita mjomba, na yeye hakuwahi kumwita kwa jina lingine.

"Nikuachie mpaka lini? Watu wa gusaba wananipigia simu kama vile mi njo nilioa."

"Hata ungeoa, marume, ungengoja."

Kayitare akacheka. Hilo na likumbukwe pia, kwamba siku ile alicheka.

Dative alifungua sanduku, akaona kilichompata mgonjwa. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya RAM, ile kumbukumbu ya mashine inayoshika kazi wakati inafanyika. Viwili vilikuwa vya kiwanda kimoja, viwili vimeongezwa baadaye, vya kiwanda kingine. Vyote viliandikwa 3600 ubavuni, namba ya mbio zake. Akaingia kwenye ule ukurasa wa ndani, unaofunguliwa kabla mashine haijaamka vizuri, akakuta aliyeiunga ameweka mbio zote 3600 na umeme ameuacha mdogo, wa RAM ya polepole. Ni kama kumtwisha mtu gunia la viazi huku unamlisha uji wa mgonjwa.

Aliongeza umeme mpaka volti 1.35, kama ilivyoandikwa ubavuni. Akawasha jaribio, ile programu inayojaza RAM na kuisoma tena kuona kama imesahau. Mistari myekundu ikatoka. Akajaribu kuongeza umeme kidogo zaidi, vipande vikapata moto kama kikaango, mistari ikaendelea kutoka. Akarudisha umeme palepale. Hapo akajua kwamba vinne hivi, vya mama wawili, havitaweza kukimbia pamoja mbio hizo hata ukivilisha namna gani. Akaanza kupunguza, ngazi moja, jaribio, ngazi nyingine, jaribio.

Mama yake alikuja kumletea chakula akamkuta ameinamia kioo kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

"We mwana, unaangalia nini siku mzima?"

"Mama, unakumbuka kazi ya umuganda, vile tunapeana matofali kwa mustari? Wa kwanza anatupa, wa pili anadaka, anapitisha. RAM njo ule mustari. Marume anataka ikimbie sana. Na hapa iko watu wane, wawili wametoka kwao, wawili kwingine, hawajazoeana. Mumoja anatupa, mwenzake hajafungua mukono."

"Tofali inaanguka," alisema Libérata.

"Inaanguka, na hakuna mutu anasema imeanguka. Inaendelea tu. Kisha mashini inakuta ukuta iko na tundu, inaganda."

"Sasa unafanya je?"

"Minapunguza mbio. Na minawapa muda kidogo wa kupumua mbele ya kudaka."

"Donc, kompyuta nayo inapumzikaka," alisema mama yake, akafunua sahani. "We njo hupumzikake. Kula."

Ilipofika 2933, na zile namba za kungojana zimelegezwa kidogo, jaribio lilianza wanawake wa mpakani wakivuka asubuhi na likaendelea mpaka wakarudi jioni, bila mstari mwekundu hata mmoja. Dative akafunga sanduku. Studio ikamaliza filamu za watu, wakwe wakaonana Brussels, simu zikanyamaza. Kayitare alituma asante kupitia Libérata. Ilikuwa kazi nzuri, na ingebaki nzuri.

Lakini kila mashine inapoamka, huandika kwenye kioo maneno madogo kabla ya kuendelea, na kati ya maneno hayo imo ile namba. Hirwa alikuwa ameizoea 3600. Alikuwa akiwaonyesha marafiki zake wa studio nyingine kama mtu anavyoonyesha viatu vipya. Asubuhi moja akaiona vizuri: 2933. Hakumuuliza Dative. Alimwambia baba mkwe wake, "Papa, namba ya RAM imeshuka."

Kwa mtu aliyezeekea kwenye mizani, namba ikishuka maana yake ni moja tu. Kuna kitu kimetolewa kwenye gunia.

Huku kwetu mtu hamwambii ndugu yake "umeiba" usoni. Neno linapitishwa pembeni, kama maji chini ya jani. Kayitare alimwambia mke wake, mke wake akamwambia Libérata baada ya misa, mbele ya wanawake wa kwaya, na sauti yake ikiwa ya huruma: eti Dative ametoa RAM nzuri akaweka hafifu, na zile nzuri ziko Birere kwa Faradji, zimeshauzwa. Ndiyo hapo duka la Faradji lilipogeuka ushahidi. Miaka yote lilikuwa duka la ndugu, na siku ile likawa pango.

Dative aliacha kazi mezani akaenda studio. Mjomba wake alikuwa ameketi na wateja. Hakuwatoa.

"Marume, nimesikia maneno. Leta tournevis, nifungue mbele yako. Utaona vipande vyako ni vilevile, na majina yao juu."

"Majina," alisema Kayitare taratibu. "We mutoto, mi nimeona magunia ya sukari yanabadilishwa tumbo na jina inabaki juu. Jina ni karatasi."

"Namba nimeishusha mi mwenyewe. Kwa kusudi. Ikiwa juu mashini inakufa. Si uliniletea imekufa?"

"Nilikuletea iko 3600, ukanirudishia iko 2933. Hirwa, ni uongo?"

Hirwa aliangalia viatu vyake. "Njo vile iliandika, Papa."

"Unaona. Mi sina kelele na wewe. Damu ya Birere inakuita, ninaelewa, kule biashara iko vile. Rudisha namba yangu tu, tumalize, na hata sitauliza ilikuwa wapi."

Wateja waliangalia ukutani, kwenye picha za maharusi. Dative alisimama pale, na ndipo alipoona shimo lenyewe lilivyochimbwa. Namba hiyo angeweza kuirudisha kwa kubonyeza tu. Na ikisharudi, kila mtu angesema: si mnaona, amerudisha mali. Akiiacha chini, ni mwizi ambaye hajarudisha. Akiipandisha, ni mwizi aliyerudisha. Hapakuwa na namba katika mashine ile ambayo ingemwita mtu mwaminifu.

"Sirudishi," alisema. "Nikirudisha nitakuwa nimekubali."

"Bon," alisema Kayitare, akawageukia wateja wake. "Tulikuwa tunasema nini?"

Kisha mambo yakaingia ukoo. Wazee walikaa. Walisema wanavyosema siku zote, kwamba undugu ni mkubwa kuliko vyuma, kwamba Kayitare ni mkubwa na Dative ni mtoto, na kwamba alete icyiru, pombe ile inayoletwa na mkosaji, inywewe, moto uzimike. Hakuna aliyeuliza kama kosa lilikuwepo. Waliuliza pombe itakuja lini. Dative akakataa. Alimwambia mama yake waziwazi, wakichambua maharage.

"Mama, pombe ya kosa inalewesha tu kama kosa iko. Mi siende."

"Nani atasimama kwetu siku Nshuti ataposwa?" Nshuti alikuwa binti wa Dative, shuleni Musanze. "Nani atawajibu wakwe? We? Mimi? Nyumba haina mwanaume wa kusema ni mulango haina bawaba."

"Tutatafuta mwingine."

"Mwingine njo alitupa chumba?"

Chumba tena. Dative aliinuka, akaenda kumwaga maganda, na alifikiri mazungumzo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumapili iliyofuata Libérata alijifunga mushanana wake wa kijivu, vazi la heshima, akajitwika jerikani ya urwagwa, pombe ya ndizi, kichwani, mwanamke wa umri wake, akaenda nayo kwa kaka yake kwa miguu ili watu waone. Alipiga magoti mbele ya wazee. Akasema, "Mutoto wangu alikosa. Mumusamehe." Kayitare akamwinua, akalia kidogo, pombe ikapita kwa mirija, ikaisha. Dative aliyapata hayo sokoni, kutoka kwa muuza mchicha aliyempongeza: "Afadhali mumepatana."

Jioni ile alimkuta mama yake amelala, amegeukia ukuta.

"Mama, ulisema nilikosa?"

"Nilisema."

"Unaamini nilikosa?"

Libérata alimgeukia. "Siamini. Lakini mi ninazeeka, Dative. Sitaki kuzikwa na watu wa ukoo wakisimama mbali."

Dative akamfunika blanketi. Kuna majibu ambayo mtoto akiyatoa hataweza kuyarudisha, na mama yake alikuwa mchovu.

Haikupita wiki, namba ikarudi. Aliyeirudisha ni Hirwa. Aliangalia video kwenye simu, akaingia ukurasa wa ndani, akachagua ile mipangilio ya kiwanda iliyo tayari, akabonyeza. Mashine ikaamka na kuandika 3600. Hapo hapo, peke yake kwenye kiti, Hirwa alijua. Vipande vilikuwa vilevile, havijawahi kutoka. Baba mkwe alipoingia na kuona kioo, alipiga makofi polepole akasema, "Pombe imefanya kazi yake. Amezirudisha kwako kwa siri." Na Hirwa akanyamaza.

Dative alipopata habari kwamba amerudisha, alimvizia Hirwa penye maji.

"Nani alipandisha ile namba?"

"Tantine..." Ndivyo alivyomwita, kama shangazi.

"Sema tu. Hatuko na mutu hapa."

"Ni mi. Nilibonyeza tu."

"Donc unajua sikuiba."

"Ninajua."

"Kamwambie."

Hirwa alitazama huku na huku. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilimuuma Dative zaidi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. "Tantine, we unajua kile chumba cha nyuma," alisema. "Ulilala mule. Mule mutu anasema nini?"

Dative alimtazama, akaokota jerikani yake, akaenda.

Mashine, yenyewe, haikuwa na ukoo wa kuogopa. Ilikimbia 3600 siku chache kisha ikaanza kudondosha matofali. Kwanza iliganda. Halafu ikafanya jambo baya kuliko kuganda: ilimaliza filamu na kuiharibu ndani. Watu wa familia moja ya heshima waliketi kutazama gusaba ya binti yao, na mzee wao alipofungua kinywa kutoa ng'ombe, uso wake ukakatika vipande vya kijani na sauti ikawa ya nyuki. Walipotaka ile ya kamera, nayo ilikuwa imeshanakiliwa kwa mashine hiyohiyo, ikafutwa kwenye kadi. Mzee wao hakuwa mtu wa kumwambia rudia.

Kwa hiyo Kayitare alirudi Mbugangari. Alikuja mchana, mshonaji akiwa ameenda kula, na voiture aliisimamisha mbali kidogo. Mashine aliibeba mwenyewe kifuani. Aliiweka juu ya meza, akafuta jasho.

"Mwana wa dada yangu," alisema.

"Karibu, marume."

"Hirwa aliniambia. Jana. Nilimubana, akasema yote. Kwamba ni yeye alipandisha."

Dative aliweka chini bisibisi. "Donc unajua."

"Ninajua. Hukuiba." Alilisema kwa sauti ya chini, lakini alilisema. "Sasa nitengenezee. Weka ile namba yako, ya chini, yoyote unataka. Hata sitaangalia."

"Nitaweka. Kitu kimoja tu, marume. Wale wazee walikunywa, waite. Wala si lazima kwako, hata hapa barabarani. Useme hili neno umesema sasa."

Kayitare alivuta kigoda akaketi. Kwa muda alionekana mzee kweli, si mkubwa wa ukoo, mzee tu. Kisha akatikisa kichwa.

"Ile haiwezekani."

"Sababu gani?"

"Pombe ilinywewa. Kosa iliungamwa, nikasamehe, tukanywa mbele ya watu. Pombe iko tumboni haitapikwake, Dative. Neno imefungwa na pombe, mutu hafungui tena, hata mimi. Ukifungua hii, kesho mwingine atafungua yake, ukoo itabaki na nini?" Akaongeza, kama mtu anayetoa zawadi: "Na mama yako njo aliungama. Unataka niseme dada yangu alidanganya wazee?"

Hapo Dative alielewa kwamba angekuwa na nafasi zaidi kama angekuwa mwizi ambaye hajasamehewa. Mwizi asiyesamehewa bado anaweza kuonekana siku moja hakuiba. Aliyesamehewa amekwisha.

"Nitakuletea wateja," alisema Kayitare. "Nitasema kwa watu, Dative ni fundi. Polepole watasahau."

"Watasahau nini, marume? Kile sikufanya?"

Kayitare akafuta jasho tena.

Dative alishika mashine kwa pande mbili, akaigeuza, akaisukuma taratibu mpaka ikafika ukingo wa meza upande wa mjomba wake.

"Ichukue," alisema.

"Unanifukuza? Mimi?"

"Sikufukuzi. Ninakukatalia kazi. Fundi anaweza kukataa kazi."

"Mama yako atasikia."

"Asikie. Alishakulipia."

Kayitare alisimama. Alitaka kusema jambo la chumba, Dative aliliona likimfika mdomoni, lakini mlangoni palikuwa pamesimama mtu, mwanamke mwenye mkoba, na mkubwa wa ukoo hawezi kuonekana anagombana kwa ajili ya kompyuta. Akaikumbatia mashine yake akapita, akimsalimu mwanamke yule, "Mwiriwe," kwa adabu yote.

Mwanamke aliingia, akatoa laptopu, akaiweka pale mezani. Alikuwa mteja wa siku nyingi, muuza vipodozi wa jirani.

"Inachelewaka kuwaka, Mama Nshuti. Labda ni RAM."

Dative aliigeuza, akafungua kifuniko cha chini. Juu ya kile kipande cha RAM palikuwa na doa la rangi ya kucha, jekundu, bado linang'aa. Hakuna kiwanda kinachoweka doa kama hilo; ni alama ya anayeogopa kubadilishiwa.

Mwanamke aliona kwamba Dative ameona. "Usiniwekee ubaya," alisema, akivuta kigoda kilichokuwa bado na joto la Kayitare. "Ni mume wangu alisema niweke."

"Hakuna ubaya," alisema Dative. "Sogea karibu. Kule huoni mikono yangu vizuri."

Mwanamke akasogea.